Adui Mwenye Mkia wa Soksi

Mimi, Rofhiwa Netshiavha, mwenye umri wa miaka kumi na sita na miezi miwili, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, ninalitangazia taifa zima kwamba wiki hii adui aliingia katika anga letu mara tatu. Aliingia Jumanne, akaingia Jumatano, na leo Ijumaa ameingia tena. Kila mara alining'inia kaskazini ya kituo cha rada kwa saa mbili na ushei, akaitazama nchi yetu kwa dharau, kisha akatoweka bila kufyatuliwa risasi hata moja.

Adui huyo alikuwa na mkia wa soksi. Soksi zenyewe ni za shule, rangi ya damu ya mzee, jozi tatu, na moja ina tundu kwenye kisigino.

Lakini historia ya kweli haianzii kwenye soksi. Inaanzia mlimani.

Juu ya mlima wetu kuna rada mbili. Ya kwanza ina umri mkubwa kuliko mama yangu. Inazunguka taratibu kutwa kucha, kama mwanamke anayepepeta nafaka bila haraka ya kwenda popote, na kijiji kizima kinaiita Bibi. Anayeitunza ni Malume Mbulaheni, kaka wa mama yangu, na ameitunza miaka ishirini na saba. Vipuri vya Bibi havitengenezwi tena mahali popote duniani. Kiwanda kilichomzaa kilifungwa mimi sijazaliwa. Mkanda wa kumzungusha ulipokatika, Malume aliupima kwa kamba ya kiatu, akashuka mjini, akarudi na mkanda wa mashine ya kukoboa mahindi. Mpira wa kuzuia mafuta yasivuje aliukata kutoka kwenye tairi la trekta. Mkuu wa kituo, Meja Vermaak, aliandikia makao makuu kwamba mtambo unafanyiwa matengenezo kwa kufuata utaratibu. Utaratibu ulikuwa Malume, kisu, na ulimi uliotokeza pembeni ya mdomo.

Rada ya pili ilipanda mlima miezi minne iliyopita juu ya lori, ikitokea Pretoria. Haizunguki. Imekaa tu, bapa na nyeupe, kama mlango wa friji uliokosa friji. Ilikuja pamoja na mhandisi wake, Kgomotso Maredi, mwenye miaka ishirini na tisa, miwani mizito, na katoni kumi na mbili za samaki wa kopo, kwa sababu huko Pretoria waliwahi kumwambia kwamba kwetu hakuna duka. Mama aliposikia habari za makopo hayo alimwagiza Malume amlete mtoto wa watu kula kwetu kila jioni.

"Akiendelea hivyo," Mama alisema, "ataota magamba."

Sasa sikilizeni sheria, maana kila kitu kimetokana nayo. Rada mpya haikabidhiwi kazi mpaka ithibitishe kwamba inaona kila anachokiona Bibi. Kwa hiyo Meja alitangaza wiki ya macho mawili, Jumatatu mpaka Jumamosi saa sita mchana. Malume anakaa mbele ya kioo cha Bibi, Kgomotso anakaa mbele ya kioo kipya, kila mmoja chumba chake, na hawaruhusiwi kusemezana mpaka saa kumi na moja jioni. Saa hiyo Meja anaweka madaftari yao mawili mezani, bega kwa bega. Kitu alichokiandika Malume na Kgomotso hakukiandika kinapigwa alama nyekundu. Zikifika alama tatu, rada mpya inarudi Pretoria kwa mwaka mzima na Bibi anaendelea na kazi. Zisipofika tatu, Jumamosi saa sita Bibi anazimwa, na Malume anashuka mlimani na kustaafu.

Malume kushuka mlimani ndilo jambo nililoliona mimi. Mengine yote sikuyaona.

Nilikuwa na sababu zangu. Nilipokuwa na miaka sita, kabla ya geti kuwekewa masharti, Malume alikuwa akinipandisha mlimani kila Jumapili. Kando ya kiti chake kulikuwa na kiti kidogo cha chuma, na juu yake aliweka mto aliouomba kwa Mama. Nilikaa hapo, mwanga wa kijani ukazunguka kwenye kioo, naye akaninong'oneza majina. Ule ni ukungu unaojifanya mlima wa pili. Wale ni korongo, wametoka mbali, waache wapumzike. Ile ni treni ya makaa. Sijawahi kukaa mahali pengine nikanyamaza kwa saa nzima. Waulizeni walimu wangu.

Halafu kuna habari ya babu. Mgodi ulipomrudisha nyumbani, babu alikaa kwenye benchi la ukutani, akatazama barabara kwa miezi minane, akafa akiwa haumwi kitu. Benchi bado lipo. Mwezi uliopita nilimkuta Malume analipaka rangi.

Jumatatu jioni walikuja kula, wote wawili, kwa pikapu ya Malume. Mila zetu zinamtaka msichana awasalimie wakubwa kwa kulala ubavu chini, viganja vimekutana, uso umeinama. Nililala sakafuni kwa urefu wangu wote nikaongeza kuguna kidogo kwa unyenyekevu.

"Aa, Malume, tembo mkuu, mchungaji wa mawingu."

"Amka huko, unampangusia mama yako sakafu," Malume alisema. "Na huyu naye msalimie hivyohivyo. Amekuzidi kusoma."

"Mimi nisalimie kwa kunipa kiti," Kgomotso alisema. "Miguu imekufa."

Siku ya kwanza haikuwa na alama nyekundu, na Kgomotso alikuwa na furaha ya mtu aliyevuka mto. Alikata tonge la ugali akalizungushia viwavi wa mopane waliokaangwa kueleza mtambo wake.

"Mzee wangu huyu anaandika kila kinachopita. Leo kaandika mwewe."

"Nimemwona mwewe," Malume alisema. "Ulitaka niandike bata?"

"Wangu pia umemwona. Umemtupa. Kitu kinachokwenda polepole kuliko baiskeli unakitupa takataka kabla hakijafika kwenye kioo. Mwewe, matawi yanayotikisika, tiara za watoto. Mwendeshaji havioni kabisa, macho yake yanabaki kwa vitu vya maana. Meja kaniahidi kwamba mambo kama mwewe hayahesabiki, mradi mzee ayataje kwa jina na awe na uhakika."

"Na wewe, Malume?" niliuliza.

"Mimi naona vyote. Halafu nachagua kwa hiki." Akagusa paji la uso. "Siku nyingine hiki chenyewe kinauma."

Ndivyo siri ya ulinzi wa taifa ilivyotajwa mezani kwetu. Sikuiiba. Iliniangukia kwenye sahani.

Hapa inafaa niwasilishe sifa zangu. Mimi ndiye niliyetangaza kwenye kipaza sauti cha bweni, kwa sauti ya mkuu wa shule, kwamba Jumatano imefutwa kutokana na sababu zisizozuilika. Wasichana mia mbili walilala mpaka saa tatu. Nina barua ya tukio hilo, na Mama ameihifadhi ndani ya Biblia. Mtu mwenye rekodi kama yangu hashindwi na tiara.

Niliiunda kwa matete na pakiti arobaini za krispi, zile ambazo kwa ndani zinang'aa kama kioo, nilizozikusanya shuleni muhula mzima. Kitu kinachong'aa namna hiyo kinapendwa sana na rada. Malume alinifundisha nikiwa na miaka saba. Mkia ukahitaji uzito, na soksi zilikuwa karibu.

Jumanne saa nne na nusu, shule zikiwa zimefungwa, nilipanda kilima cha nyuma ya uwanja wa mpira. Upepo wa Septemba ulikuwa tayari unanisubiri. Tiara ikapanda, ikapanda, mpaka soksi zikawa nukta, nami nikafunga uzi kwenye nguzo ya goli la zamani nikakaa chini kumlinda Malume. Kwa mbali, mlimani, Bibi alikuwa anazunguka. Kila alipogeuka upande wangu nilimpungia mkono. Saa saba kasorobo Mama aliniita kuosha vyombo, nikaishusha, nikaificha kwenye mtaro.

Jioni Kgomotso alikula nusu ya sahani.

"Tumepata moja," alisema. "Kitu kaskazini, kilomita kumi na moja. Mzee kakiona saa mbili nzima. Kwangu, patupu."

"Kitu gani?" Mama aliuliza.

"Niliandika kwamba kinafanana na tiara," Malume alisema. "Meja akaniambia kufanana si ushahidi. Anahofia ni majangili, wale wanaorusha vidude vya kutafuta faru. Katuma askari wawili wazunguke mpaka. Wamerudi na kupe."

Alisema hivyo akinitazama. Mimi nilikuwa nachunguza chumvi.

Jumatano nikarusha tena, ikawa alama ya pili. Jioni hiyo Kgomotso hakushuka kwenye pikapu. Mama alimpelekea sahani huko huko, na mimi nikabeba maji. Alikuwa amevua miwani. Sikujua kwamba mtu akivua miwani anakuwa mdogo namna ile. Sahani aliiweka mapajani akawa anaigeuza tu, kama usukani.

"Dada Kgomotso, kula," nilimwambia. "Ugali ukipoa unakuwa tofali."

"Miaka mitano, Rofi," alisema. "Nimekaa na mtambo huu miaka mitano. Na sijui umekosa kuona nini. Ningejua kosa, ningelirekebisha usiku huu huu. Lakini naangalia, naangalia, sioni kosa."

Nikamkabidhi maji, nikasahau kumtania.

Nilipoingia ndani Mama alikuwa anahesabu nguo za kufua.

"Soksi zako za shule ziko wapi?"

"Zinakauka."

"Wapi? Kamba iko tupu."

"Juu," nilisema, na kwa kuwa mimi ni mtu mkweli, lilikuwa jibu la kweli.

Malume, aliyekuwa anakunywa chai, aliweka kikombe chini bila sauti.

Alhamisi hakukuwa na upepo. Jani halikutikisika siku nzima, na anga la nchi likawa salama. Nilianza kufikiri kwamba alama mbili zinatosha kuwa kumbukumbu ya ushujaa wangu, niishie hapo, Kgomotso apate usingizi. Jioni Malume alisimama mlangoni kabla ya kuondoka, akatazama mikono yake iliyojaa makovu madogo ya nyaya.

"Dada," alimwambia Mama, "Jumamosi nikishuka, hii mikono sijui nitaiweka wapi."

"Utalima," Mama alisema.

"Nitalima," Malume alikubali, kwa sauti ya mtu aliyekubali sindano.

Nikawaza benchi. Basi ikawa imeamuliwa.

Leo asubuhi upepo ulirudi, na adui akarudi nao. Alipanda vizuri kuliko siku zote. Nilikaa chini ya nguzo ya goli nikitunga hotuba ambayo Malume angeitoa mwakani akinishukuru. Saa saba kasorobo ikafika, na Mama akaita.

"Rofhiwa, vyombo."

Sauti ya mama yangu inafika mbali kuliko rada zote mbili. Nikakunja uzi, nikaificha tiara mtaroni, nikashuka nikipiga mluzi.

Malume alikuwa jikoni kwetu. Saa za kazi, ndani ya sare, kofia iko gotini. Simu yake ilikuwa mezani katikati ya chumvi na mkate, na sauti ya Meja ilikuwa inatoka humo.

"Narudia, Mbulaheni. Kilishuka saa saba kasoro dakika kumi. Kama ulivyosema. Ulijuaje?"

Malume alinitazama juu mpaka chini, nyasi kwenye sketi, alama ya uzi kwenye vidole.

"Kimeitwa kuosha vyombo, Meja," alisema.

Akakata simu. Mama akakaa kwenye ndoo.

"Jumanne kilishuka saa saba kasoro kumi," Malume aliendelea, sasa akizungumza na mimi. "Jumatano, saa saba kasoro kumi. Jana hakukuwa na upepo, hakikuja. Miaka ishirini na saba nimeona marubani wa kila aina, mpwa wangu. Sijapata kumwona anayetua mama yake akimwita. Leo nikamwomba dada aite kwa wakati uleule, na Meja akae mbele ya kioo changu."

"Soksi," Mama alisema. "Nilizozinunua mwezi wa nane."

Nilijiandaa kwa kelele. Nina uzoefu na kelele, najua kusimama ndani yake kama mtu aliye kwenye mvua na mwavuli. Malume hakupiga kelele. Alichukua kofia akasema, "Lete hiyo tiara. Twende."

Njia ya mlimani ni ndefu kwa mtu asiyesemeshwa. Getini askari alisema watoto hawaruhusiwi. Malume akamjibu, "Huyu si mtoto, huyu ni adui," na lango likafunguliwa.

Meja alikuwa bado mbele ya kioo, kwa hiyo Malume alinipeleka kwanza stoo, akashusha boksi la viatu kutoka rafu ya juu. Ndani kulikuwa na kitambaa cha mistari cha marehemu mkewe, na ndani ya kitambaa kipande cha chuma na shaba, kikubwa kama birika.

"Huu ni moyo wa Bibi," alisema. "Ndio unaotoa mawimbi. Tulipewa sita. Huu ni wa mwisho. Ulioko ndani yake sasa ulipaswa kufa mwezi wa sita. Naubembeleza. Nikiuwasha baada ya kuusafisha, nauwasha taratibu, kama unavyomwamsha mgonjwa. Nimekuwa nahesabu siku. Nasema, fika Jumamosi, mama, fika Jumamosi tu."

Niliugusa kwa kidole kimoja, ulikuwa baridi.

"Wewe umenipa mwaka mzima, Rofi. Mwaka mzima na moyo mmoja ndani ya boksi la viatu. Ukiungua mwezi wa tatu, mlima huu ni kipofu, na mimi nitakuwa nimekaa hapo mbele ya kioo cheusi. Watu wa chini wanalala kwa sababu hapa kuna jicho."

"Nilidhani unampenda."

"Nampenda. Ndiyo maana nataka nimzime kwa mkono wangu mwenyewe akiwa bado anaona."

Akafunga kitambaa, kona kwa kona, kama alivyokikuta.

"Na yule msichana unayemliza, unajua kafanya nini? Kasoma madaftari yangu yote kumi na sita. Ukungu wangu, korongo wangu, treni yangu. Kaufundisha mtambo wake majina yote. Hakuna aliyewahi kuniomba hata daftari moja."

Kgomotso alikuwa chumbani kwake, mbele ya kioo chake kisicho na kosa. Nikalala chini. Sikuguna safari hii, wala sikumpa cheo cha tembo. Sakafu ya kituo ni ya saruji na ni baridi, na mtu akiwa na uso chini anaona viatu tu. Viatu vya Kgomotso vilikuwa vimefungwa kamba za rangi mbili tofauti. Nikavieleza viatu hivyo kila kitu, kuanzia mwewe mpaka nguzo ya goli.

Kisha viatu vikageukia kioo.

"Mzee wangu," sauti ya Kgomotso ilisema, "hebu njoo uone." Nikasikia vidole vikipiga vitufe. Alikuwa anafungua takataka za mtambo, kila ulichokitupa wiki nzima. "Hii hapa. Jumanne, saa nne na dakika hamsini. Jumatano. Leo. Mtambo uliiona siku zote tatu. Uliitupa, kama nilivyoufundisha."

"Kwa hiyo haukosei," Malume alisema.

"Haukosei. Mimi ndiye nimelia siku mbili kwa ajili ya soksi." Akapumua. "Lakini takataka zisifichwe kabisa. Mwendeshaji awe na kitufe, akitaka kuchungulia, achungulie. Wiki ijayo nakiweka."

"Nilikwambia hivyo mwezi wa sita."

"Uliniambia, mzee wangu. Nilidhani unamtetea Bibi."

"Nilikuwa namtetea Bibi. Na nilikuwa sahihi pia."

Kgomotso akacheka kwa pua, kidogo tu, kisha akanigusa bega kwa ncha ya kiatu. "Amka. Sakafu ni baridi."

Meja Vermaak hakucheka. Aliishika tiara yangu mkononi, akaitazama pande zote, akauinua mkia kwa vidole viwili. Alisema alama nyekundu hazifutwi kwa hadithi. Zinafutwa kwa maelezo yaliyoandikwa na mhusika na kutiwa sahihi, ukurasa mmoja, kabla ya saa kumi na moja. Maelezo yakitiwa sahihi, alama tatu zinafutwa, na kesho saa sita mchana Bibi anazimwa. Yasipotiwa, alama zinabaki, rada mpya inapakiwa kwenye lori.

Kwa maneno mengine, kalamu ya kumzima Bibi amepewa Rofhiwa Netshiavha.

Ndiyo hii ninayoandikia. Sasa ni saa kumi na robo na nimefika ukurasa wa tisa. Meja amechungulia mara mbili. Nimeketi kwenye kiti kidogo cha chuma, kile kile, magoti yakinigusa kidevu, maana hakikukua pamoja nami. Mto haupo. Malume yuko kwenye kiti chake, jicho moja kwenye kioo. Mwanga wa kijani unazunguka kama zamani. Kama dakika kumi zilizopita aliniambia, bila kugeuka, "Mwewe yule wa Jumatatu kaja tena," nami nikamwona, nukta yenye aibu, na kwa muda fulani hatukuandika chochote, yeye wala mimi.

Kumbe jicho la pili lilikuwa kwenye karatasi yangu. Ameinama sasa hivi, ameweka kidole chenye mafuta juu ya mstari mmoja wa ukurasa wa tatu.

"Pakiti arobaini za krispi," amesoma. "Ulizila lini?"

"Muhula mzima, Malume."

"Mama yako anakupa hela za muhula. Najua zinatosha pakiti ngapi." Kidole hakijaondoka. "Na sanduku langu la huduma ya kwanza, ndani ya pikapu, lilikuwa na blanketi la dharura. Jembamba, la kung'aa. Kesho nakabidhi pikapu na kila kilichomo, kwa orodha. Unataka niandike nini hapo? Mwewe?"

Basi ninasahihisha. Hakukuwa na krispi. Niliiunda tiara kwa blanketi la kung'aa la Malume, mali ya jeshi, nililolichukua Jumatatu jioni wakati wakubwa wakila, na krispi nilizitunga ili nionekane fundi na si mwizi.

Na kwa kuwa kidole bado kipo, ninasahihisha na lingine. Nimeandika pale juu kwamba nilimrusha adui ili Malume asije akakaa kwenye benchi kama babu. Jana usiku nililijaribu lile benchi. Ni benchi zuri, linaona barabara na mlima vilevile. Malume angekaa hapo akapata mengi ya kufanya, maana kijiji kizima kina redio mbovu. Niliyemwogopea ni mimi. Shuleni kila mtu ananijua kwa kuchekesha, na nikiacha kuchekesha hakuna anayejua aniite nani. Mahali pekee nilipowahi kukaa kimya na mtu akafurahi kwamba nipo ni kwenye kiti hiki. Nilifikiri Bibi akizimwa, nacho kitatupwa.

Malume amelisoma hilo. Ameondoa kidole, kimeacha alama ya mafuta pembeni ya karatasi, na anasema kiti hakimo kwenye orodha ya jeshi, alikinunua mwenyewe, na tulia uandike sahihi, ni saa kumi na moja kasoro tano.

Tiara ilikuwa yangu, mara zote tatu. Rada mpya iliiona.

Rofhiwa Netshiavha.